Unga Uliowang'arisha Mbuzi

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa, mziwanda wetu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimeacha kukohoa na viatu havijaanza kucheka. Sisi huku hatujambo: mimi, mbuzi, kondoo, na goti langu la kushoto ambalo siku hizi limekuwa mtu mzima, linauma linapotaka lenyewe.

Nimekupakilia kwenye basi magunia ya majani makavu. Mwenye mashine ya kusaga wa hapa amenifukuza. Nilimpelekea mwarobaini, akasaga, akasahau kusafisha mashine, na aliyenifuata foleni alikuwa Mama Pacha na mahindi yake. Mtaa mzima ukala uchungu wiki ile. "Dada," akaniambia, "mimi na wewe tutabaki kuwa ndugu. Ila mashine yangu na majani yako wameachana." Nikamuuliza, "Talaka ngapi?" Akasema, "Zote, na vyombo nimeshatoa nje."

Basi nikakukumbuka wewe, uliye kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo, penye mashine zisizojua nani kala nini. Nisagie. Humo mna mwarobaini, mlonge, mbegu za maboga na kitunguu saumu nilichokausha juu ya bati mpaka kuku wakahama. Ukishasaga, changanya na pumba na chumvi. Basi. Usiongeze kitu. Majani haya nimeyajaribu miaka na miaka, kwa kuangalia mnyama kala nini akapona, na kala nini akalala chini. Shule yangu ilikuwa hiyo, na mwalimu hakuwa na kiboko.

Nakusisitiza kwa sababu zizini kwangu hawalali mbuzi na kondoo wangu tu. Majirani nao wameniachia wanyama wao niwachunge na kuwalisha, kama unavyojua. Na wanyama hawa hawafanani hata kama wanakula sinia moja. Mbuzi hula huku anauliza maswali. Kondoo hula kwa imani. Ukimwekea, anakula. Kwa hiyo anayemlisha kondoo inabidi amwulizie yeye yale maswali.

Nijibu upesi.

Dada yako


27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, kifua kimetulia, viatu vinatabasamu lakini havijacheka.

Majani yalifika, na basi zima lilishuka likipiga chafya. Nimesaga yote na kuchanganya kama ulivyoagiza: pumba, chumvi, basi. Magunia ya unga yanakuja kwa dereva yuleyule. Amesema safari hii utampikia chai.

Sasa sikia hili. Nilipokuwa nasaga, bosi alipita. Akasimama. Akanusa. Mimi nikajua kazi imekwisha, kwa sababu nilitumia mashine yake saa ya kazi. Akaniuliza, "Hiki nini?" Nikasema, "Ni unga wa dada yangu, wa kondoo na mbuzi." Akachota, akausugua kiganjani, akasema, "Watu siku hizi wanataka vitu vya majani. Dada yako anayo mengi?"

Dada, mimi hapa miaka yote nimekuwa mtu wa kubeba magunia. Juzi kwa mara ya kwanza bosi ameniita ofisini, na nikakalia kiti chenye mto. Anataka tuujaribu. Akiridhika, nitakuwa msimamizi wa mchanganyiko. Nina koti jeupe tayari, limenizidi mikono lakini ni jeupe.

Tuma majani zaidi. Na piga picha ya mbuzi wako, wale weusi.

Mdogo wako


2 Mei

Mziwanda wangu,

U hali gani? Koti limekukaa? Likunje mikono, usilikate. Cheo kinaweza kukua.

Sisi wazima, na mbuzi wamezidi uzima. Wale weusi wanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mama Pacha amekuja na watoto wake wote wawili kuwashangaa, akasema, "Dada, hawa unawapa majani au unawapiga rangi?" Nimepiga picha, imo humu. Huyo aliyeziba nusu ya picha ni beberu, hakutaka kukaa nyuma ya mtu.

Kondoo wanakula vizuri sana. Nao wale wa jirani wamenona. Watu wananisalimia kwa jina la shangazi hata wasio wa ukoo.

Lakini kuna jambo moja. Unajua huwa simlishi mnyama kitu ambacho sijakiweka ulimini mwangu. Magunia ya kwanza yalikuwa na uchungu wangu ninaoujua. Haya ya sasa yana uchungu mwingine nyuma yake. Ni kama mtu aliyeshika ufunguo kwa meno huku mikono imebeba ndoo. Mate yanajaa, na ladha inakaa mpaka umalize kufagia uwanja.

Umeongeza kitu?

Nauliza tu. Ukisema hapana, ni hapana.

Dada yako


15 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa picha. Bosi kaibandika ukutani, beberu na yote.

Ladha hiyo ni ya mashine. Tumefunga meno mapya, na chuma kipya huwa kinatoa ladha mwanzoni. Fundi amesema itaisha yenyewe. Ulimi wako dada ungefaa kuajiriwa hapa, ungetupunguzia kazi ya maabara.

Hapana, sijaongeza kitu.

Habari njema sasa. Unga umeingia sokoni. Pakiti ina picha yako, ile uliyopiga kwenye harusi ya binamu, tumekata watu wa pembeni. Jina lake ni Unga wa Dada, na chini yake pameandikwa: kwa kondoo na mbuzi. Watu wananunua kwa sababu ya ile picha ya mbuzi. Kila mtu anataka mbuzi ang'ae. Mimi sasa ndiye msimamizi wa mchanganyiko, na mama watoto amerudi kutoka kwao. Alisema alikwenda kupumzika. Naona amepumzika vya kutosha baada ya kusikia cheo.

Yote haya ni wewe, dada. Ulinibeba mgongoni ukichunga, na bado umenibeba.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Huku si wazima wote.

Tuliwapeleka wanyama joshoni kuogeshwa dawa ya kupe. Njia ni ileile, jua lilelile. Waliporudi, kondoo wangu dume akasimama kivulini, kichwa chini, hataki maji. Nikamfunua jicho: njano kama kiini cha yai. Akakojoa, mkojo mwekundu uliokolea kuelekea weusi. Kesho yake alikuwa amekufa. Nikasema bahati mbaya. Kisha wakafuata kondoo wawili wa Mama Pacha, wale aliokuwa amewaweka kwa ajili ya ada za mapacha. Kisha wa jirani yetu fundi cherehani. Mbuzi hata mmoja hajakohoa. Wamesimama palepale, wanang'aa, wanatafuna.

Nilimwita bwana mifugo. Akampasua mmoja. Ini limegeuka njano, figo nyeusi kama mkaa. Akanawa mikono polepole, unajua jinsi mtu anavyonawa anapotafuta maneno. "Dada," akasema, "hii ni shaba. Mbuzi anaivumilia. Kondoo haimtoki mwilini, inajikusanya kwenye ini kimya kimya, mpaka siku moja atembee mbali au ashtuke kidogo, ndipo inammwagikia. Umewalisha nini?"

Nikasema majani. Akasema majani hayana shaba ya kiasi hiki.

Alipoondoka nikachukua unga wako, nikaumwaga kwenye beseni la maji. Majani yakaelea, pumba ikaelea. Chini zikabaki punje ndogo za bluu, zinayeyuka. Nikatumbukiza kisu changu cha kukatia kwato. Kikatoka na ngozi nyekundu ya shaba, kama kinavyotoka kwenye ndoo ya dawa ninapowaosha kwato zilizooza. Hiyo rangi naijua, mziwanda. Kila mwaka wa mvua nyingi naishika.

Nimekwenda nyumba kwa nyumba kwa wote niliowagawia, unga wote umemwagwa shimoni na kufukiwa. Lakini bwana mifugo anasema kondoo waliokwisha kuula bado wamebeba kifo tumboni, wengine watakufa hata sasa.

Nilikuuliza mwezi wa tano. Nakuuliza tena, na safari hii jibu kabla hujavaa koti. Umetia mrututu, ile dawa ya bluu ya kwato, kwenye unga wangu?

Dada yako


11 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Ni kweli. Nilitia. Kidogo tu. Niliona kwenye mfuko wa chakula cha mbuzi cha kampuni nyingine, wanaweka shaba, ndiyo inayowapa mbuzi weusi ile rangi. Magunia ya kwanza hayakuwang'arisha vya kutosha, na bosi alitaka kitu cha kuonekana kwa macho. Majani yako yanaponya tumbo, dada, lakini tumbo halipigwi picha. Mfuko ule uliandikwa kondoo wasipewe. Nililiona hilo. Nikasema nitaweka kiasi ambacho hata kondoo hatajua.

Najua utasema kondoo walijua.

Sasa nisikilize, nakuomba kwa jina la maziwa tuliyonyonya. Hapa nikisema, nafukuzwa siku hiyohiyo. Mama watoto anaondoka na safari hii hapumziki, anahama. Wewe huko ni dada wa watu wote. Watakasirika, halafu watakuja kukuazima kamba. Watu wanajua una kopo la mrututu nyumbani kwa ajili ya kwato. Sema ulikosea kopo. Sema ulidhani ni chumvi ulipokuwa unaongezea. Mtu mzima, macho, asubuhi mapema. Nani atabisha? Kukosea kopo si dhambi. Inaweza kumtokea yeyote.

Nifanyie hili, na sitakuomba kingine tena.

Mdogo wako anayekutegemea


20 Julai

Kwako mdogo wangu,

Hujambo. Mimi sijambo, na macho yangu hayajambo, kwa kuwa naona umeyapa ugonjwa bila kuniambia.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Sikujua kwamba kuna wa kuchuma, akaandaa meza, akawakaribisha wa kwao, kisha yeye mwenyewe akasema ana miadi mahali pengine.

Kopo langu la mrututu liko juu ya kenchi ya paa, limefungwa kwa waya, na limechorwa kwato kwa mkaa, ubavuni na kwenye kifuniko. Chumvi iko jikoni. Ili nikosee kopo inabidi nipande ngazi. Kwa goti hili. Nipande ngazi, nifungue waya, niseme, "Aa, chumvi."

Lakini si kopo lililoniuma. Nimekaa nayo hii barua mpaka ng'ombe wa jirani wamerudi. Kilichoniuma ni ile "hapana" ya mwezi wa tano. Siku ile kondoo walikuwa wazima bado. Ungesema ndiyo, ningemwaga unga, ningekutukana, ningepika chai. Nilikuambia ukisema hapana ni hapana, nikachota, nikawawekea. Wakanisogelea kwa kelele kama kawaida. Kondoo alikula kwa imani yangu, na mimi nilikula kwa imani yako, na aliyekuwa na maswali ni mbuzi, ambaye hakupata hasara.

Sasa hali ya hapa. Wenye kondoo watakutana Jumapili ya pili ya mwezi wa nane, pale joshoni, kuamua kama wanyama wao wataendelea kulala kwangu. Najua wanavyosema. Mama Pacha hapiti tena uani kwangu, anazungukia nyuma kwa fundi cherehani. Anasalimia, lakini salamu yake imekuwa fupi kama risiti. Mimi zizi ndiyo kazi yangu. Wakiwatoa, nitabaki na mbuzi wachache wanaong'aa na hakuna wa kunikabidhi hata kuku.

Sijawaambia kwamba ni wewe. Nikisema mimi, itakuwa mwanamke aliyeua kondoo wa watu anamtwika mdogo wake aliye mbali. Ukisema wewe, itakuwa ukweli. Kwa hiyo njoo. Simama pale joshoni, sema kwa mdomo wako ulichotia na kwa nini. Watakutukana. Fundi cherehani atakuita majina, ana akiba nzuri. Halafu yatapita, tutakwenda nyumbani, tutakula, na utakuwa mdogo wangu.

Hilo tu nataka. Sidai malipo mengine.

Dada yako


1 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekuelewa. Umenilea wewe, na haki yako naijua.

Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja Jumapili hiyo, nitashuka palepale joshoni nimalizane nao kwanza, ndipo nije nyumbani. Wewe usije, kaa tu. Ukiwepo nitalia, na mwanaume akilia mbele ya watu hakuna anayesikia anachosema. Pika. Nitakuja na njaa.

Mdogo wako


14 Agosti

Dada,

Shikamoo. Habari za tangu siku ile.

Samahani sana sikufika nyumbani. Mkutano ulirefuka, na dereva alisema basi la mwisho halingoji. Najua ulipika.

Lakini nina furaha kukuambia yamekwisha. Nimesema nao vizuri. Hakuna aliyepiga kelele. Hata fundi cherehani alinishika mkono. Wamekubali mbuzi wabaki kwako. Mama Pacha alitokwa na machozi akasema kumbe hayo ndiyo yaliyotokea, hana kinyongo tena.

Unaona, dada? Ulikuwa sahihi. Kumbe mtu akijitokeza, watu wanaelewa.

Tutumie majani kidogo ukipata nafasi. Bosi anauliza.

Mdogo wako akupendaye


29 Agosti

Kwako,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, na nimesamehewa.

Hivyo ndivyo nilivyojua ulichowaambia. Jumatatu, chakula chako kikiwa bado mezani kimefunikwa, Mama Pacha aliingia kwa mlango wa mbele. Akanikumbatia. Nikamkumbatia, nikadhani umesema. "Dada," akaniambia, "si ungetuambia tu? Macho ni kitu cha kawaida. Mama yangu mwenyewe alikuwa akimsalimia mlingoti." Nikamuuliza macho gani. Akanipapasa bega. "Mdogo wako katueleza yote. Lile kopo. Kalia yule kijana, mpaka tukamwonea huruma. Amepiga magoti, katuombea msamaha kwa niaba yako. Una bahati ya ndugu, dada. Wa kwangu wangekukana."

Kwa hiyo ulilia. Mimi ulinizuia nisije ili usilie.

Nilimwambia ukweli palepale. Nilimshika mkono, nikamwonyesha kopo kwenye kenchi, waya, mchoro. Alilitazama. Kisha akanitazama mimi kwa upole ambao sikuwahi kuuona usoni mwake tangu tujuane, akasema, "Sawa, dada. Tumekwisha kusamehe. Usimwingize mtoto wa watu, naye kaja kwa nauli yake." Nikaenda kwa fundi cherehani. Naye akasema sawa. Wote wanasema sawa. Ningewaweza wangekuwa na hasira. Mtu mwenye hasira unabishana naye. Aliyekusamehe humpati.

Kondoo wamewachukua. Mbuzi wameniachia kwa masharti. Fundi cherehani, kwa kuwa ana miwani, amepewa kazi ya kupita kwangu kila asubuhi kunisomea makopo. Anakuja kweli, ni mtu wa ahadi. Nachota chumvi, yeye anainama, anatazama, anatangaza: "Chumvi." Nachota pumba. "Pumba hiyo." Jana nilishika ndoo ya maji, nikangoja. Akainama. "Maji, dada. Endelea." Ningekuandikia haya zamani ungecheka mpaka ukohoe.

Sasa jambo la mwisho, na nalisema wazi ili usije ukasema sikukuambia. Bosi wako ameniandikia. Barua imekuja kwa anwani iliyo kwenye pakiti, na ni barua ya adabu, ameanza kwa kuniuliza afya. Anasema kuna wafugaji mahali pengine wamelalamika kondoo wao wana macho ya njano. Anasema alikuuliza, nawe ukamjibu kwamba majani yanatoka kwangu yakiwa yamekwisha kutiwa dawa zote, wewe kazi yako ni kusaga na kuongeza pumba na chumvi tu. Anaomba nimweleze kilichomo ndani.

Nilikaa nikafikiri unaogopa nini zaidi, nikaona umekwisha kuniuza pande zote mbili, huku na huko, na bei ileile. Nikafikiri pia juu ya hao wafugaji, ambao siwajui, na ambao asubuhi hii wamechota unga wenye uso wangu wakawawekea kondoo.

Nimemjibu. Nimemwandikia majani ni yapi, na kilichoongezwa ni nini, na nani alikiongeza, na bwana mifugo anasema nini juu ya wale walio hai. Nimemwomba aondoe pakiti zote madukani leo hii. Nimeweka humo barua yako ya tarehe kumi na moja Julai, kwa mkono wako, kwa kuwa nimejifunza kwamba neno langu peke yake siku hizi linahitaji msomaji mwenye miwani.

Barua ya kumjibu nimeipeleka kwa basi la asubuhi. Hii yako inakuja na la jioni. Sikutaka ukutane nayo njiani ukaisaidia.

Koti wakikuvua, usije nalo huku.

Dada yako